Bomba Lililozibwa kwa Gunia

Katika basi la kwenda Nebaj, mji wa milimani huko Guatemala, nilikaa nyuma ya bibi aliyekuwa akimpeleka mjukuu wake zahanati. Mtoto alikuwa wa miezi minane hivi, na alipumua mbiombio kama aliyefukuzwa. Dada aliyekaa kando yao alivumilia kilomita mbili tu, akauliza, "Bibi, huyu anakohoa tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Ni baridi ya mlimani, na nimemvalisha kofia mbili."

"Na jikoni kwenu moshi unatokea wapi?"

"Tuna jiko jipya la bomba la kutolea moshi," bibi alisema kwa fahari. "Ila bomba nimeliziba kwa gunia. Mahindi yangu yananing'inia juu ya moto, binti. Moshi ukienda nje, yatabunguliwa yote. Utatulisha wewe?"

"Kwa hiyo mtoto mnamkausha pamoja na mahindi."

"Baba yake nilimlea kwenye moshi huohuo, na leo anabeba mlango mgongoni peke yake."

"Ulizaa wangapi, bibi?"

"Saba."

"Walio hai?"

Bibi alimfunika mtoto upya, ingawa alikuwa amefunikwa. "Wanne. Lakini wale wengine walichukuliwa na baridi."

Nimelea watoto watatu, na bado sijaona baridi inayoacha masizi puani.

Basi liliposimama mbele ya zahanati, dada alimshika bibi mkono. "Mwambie muuguzi habari za gunia."

"Nitamwambia habari za kikohozi," bibi alijibu, akashuka.