Benedikta Aliyekaa Metimani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo ukungu umeshuka Mbulu mpaka barabarani, na mimi kila nikiona ukungu namwona nesi Benedikta Sulle akitokea humo, taratibu, kiatu kimoja kimefungwa kamba. Benedikta ametuacha. Tumemzika juzi, kwao Maretadu.

Turudi nyuma, mwishoni mwa miaka ya sabini, mwaka wa kipindupindu. Benedikta alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, amebakiza mtihani wa mwisho tu. Yeye na wenzake walipelekwa kwenye kambi ya wagonjwa kule Hanang, kando ya mashamba ya ngano ya serikali. Ngano mpaka macho yanachoka. Upepo ukipita, alikuwa akisema, unaona nchi nzima inapumua usingizini.

Wanafunzi waliogopa. Waliamini ugonjwa unapeperuka na vumbi la ngano. Walijifunga vitambaa puani vizuri kabisa, kisha wakala ugali bila kunawa. Mwenzake Gervasi, mzee sasa, aliniambia huku akicheka: "Darasani tuliandika maji machafu. Kambini tukakimbia upepo."

Benedikta naye aliogopa, ila alinawa. Shida yake ilikuwa ndugu wa wagonjwa. Hawakukubali kukaa mbali na mtu wao. Basi akatumia neno la Kiiraqw: "Mgonjwa huyu yuko metimani." Kwa ninyi mlio mbali, metimani ni kutengwa kwa mtu aliyepatwa na msiba mzito. Hagusani na wengine, hachangii nao chombo, kwa muda mrefu sana. Neno moja tu, watu wakaelewa. Vibuyu vikatenganishwa. Ugonjwa ukapungua.

Ndipo Letisia akapona.

Letisia alikuwa mama kijana, mtoto wake Theodory bado ananyonya. Alipofika nyumbani, mama mkwe wake, Bernadina, alimwonyesha kibanda mwisho wa shamba. Mtoto akabaki nyumba kubwa, kwa maziwa ya ng'ombe. Benedikta alipopata habari akaenda mbio.

"Shikamoo mama. Letisia amepona. Anaweza kumshika mtoto."

"Marahaba, mwanangu. Metimani haiishi kwa sababu mtu ameacha kuharisha. Neno umelileta wewe. Mimi nitaliondoaje?"

Benedikta akageuka kuelekea kibandani. Alisikia mtoto analia huku, na kule akamwona mama yake, gauni limelowa maziwa kifuani. Akaingia kibandani. Akachukua kibuyu cha Letisia, akanywa uji. Mbele ya watu wote. Sasa naye alikuwa metimani.

Hakutoka, wasikilizaji. Chuoni wenzake walifanya mtihani, yeye hakutoka. Alilima na Letisia, akala na Letisia, na kijiji kizima kikitazama kwa mbali kama ataugua. Hakuugua. Ngano ikabadilika rangi, mashine zikaanza kunguruma uwandani. Asubuhi moja Bernadina akaja kupitia ukungu, mtoto mgongoni.

"Kama ni kufa, ungeshakufa," alimwambia Benedikta. Akamweka Theodory mapajani mwa mama yake.

Benedikta alirudia mwaka mzima chuoni. Baadaye akahudumia watu mpaka anastaafu, na neno lile hakulitumia tena kwa mgonjwa yeyote.

Juzi, baada ya maziko, Letisia alifika akishikiliwa mkono na Theodory, ambaye sasa ana mvi. Alikuja na kibuyu kilekile, kimejaa uji. Alikunywa, akampa aliyekaa jirani yake, naye akampa mwingine. Kikatuzunguka wote. Nilikunywa pia. Letisia akasema, "Watu wanasema nilitengwa. Mimi sikumbuki kukaa peke yangu."

Poleni sana, ukoo wa Sulle. Poleni, Maretadu. Tunalia pamoja nanyi.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kidogo. Huenda kuna mtu hapo kwenu ameshapona siku nyingi, na bado anakula peke yake. Mpelekeeni uji leo. Kunyweni naye.