Mfuko Mwepesi na Mlima

Treni ilipanda taratibu kama inayoota. Mzee mstaafu wa posta alifumba macho pale dirishani, maana maneno ya watu humwingia vizuri zaidi akidhaniwa amelala.

Mbele yake mwindaji alipakata mifuko miwili ya kulalia: mmoja mzito kama mkosi, mwingine wa manyoya ya bata, umekunjwa ukawa mdogo kama kopo la maziwa. "Mwaka jana baridi ilinishusha mlimani sijaona hata pembe," alimwambia mama jirani yake, fundi magodoro. "Sasa na goti limegoma. Nikikosea mfuko mara hii, uwindaji nimeuaga."

"Huo mdogo umeukunja tangu lini?"

"Miezi minane."

"Umeukaba koo, kaka. Manyoya yakibanwa hayashiki joto. Ufungue upumue."

Akaufungua. Mfuko ukavimba polepole, ukajaa kiti, ukafunika magoti ya watu watatu. Mzee wa posta, aliyechungulia kwa jicho moja, yuko tayari kuapa kwamba behewa liliinuka kidogo juu ya reli, na kwamba bata walipita dirishani wakiliangalia kwa huruma.

"Umeona?" alisema fundi. "Mwepesi, na joto lake ni la mama mzazi."

"Ukilowa je?"

"Ukilowa umelala na bata maiti."

"Basi nibebe huu mzito."

"Na goti utamwachia nani?"

Treni ikasimama. Mwindaji akateremka na mifuko yote miwili, mmoja kila kwapa, akachechemea hatua tatu, akautazama mlima. Wingu lilikuwa limeufunika mpaka shingoni, na hakuna aliyejua kama lilikuwa la mvua.