Sanduku la Ndege Nisilolifungua

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango ili muwahi kutoka kabla ya sadaka ya pili, nimewahesabu, mko saba. Ninyi nanyi mpeni sifa!

Mchungaji amenipa dakika kumi. Niliomba ishirini, akasema kumi, nikasema basi kumi na tano, akaondoka. Kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi ili nisipotee njiani.

Wengi mnanijua. Mimi ni Masanja wa mitumba, pale sokoni Bariadi. Nikikuuzia shati unaondoka unacheka, unafika nyumbani ndipo unaona kifungo kimoja hakipo. Kifungo hicho nilishakihesabu kabla yako. Hilo nalo nimesamehewa, lakini si ushuhuda wa leo. Leo nataka kuwaambia jinsi Bwana alivyonifungua kutoka katika kifungo cha kuhesabu, na alivyotumia kasuku wadogo wawili ambao hata bei yao sikutaka kuilipa.

Nimekulia Lalago, miaka ya shida ya bidhaa. Mama alinipeleka foleni ya duka la ushirika kabla jua halijatoka. Nikawahesabu watu walio mbele yangu, nikahesabu vipande vya sabuni nilivyoviona dirishani, kisha watu tena, maana kulikuwa na akina mama waliochipuka katikati ya foleni kama uyoga. Kila tukisogea hatua nilimuuliza aliye mbele, "Bado ipo?" Iwe sabuni, iwe sukari, iwe mafuta ya taa, swali langu lilikuwa hilo hilo. Bado ipo?

Baadaye mambo yakafunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaja na malori yao, mitumba ikashuka kwa marobota, sabuni ikawa ya kuchagua rangi na harufu. Foleni ikaisha madukani. Ndugu zangu, kwangu haikuisha! Niliihamishia nyumbani. Nilihesabu viberiti kwenye kasha. Nilipima sukari kwa jicho nikitoka na kwa kijiko nikirudi. Na nilipomwoa Minza, binti wa Malampaka, kwa ng'ombe kumi na wawili, ng'ombe hao niliwahesabu wakitoka zizini kwetu na nikawahesabu tena wakiingia zizini kwao, utadhani kuna mmoja angeghairi njiani.

Mke wangu alishika mimba. Nilifurahi kuliko mtu yeyote sokoni. Nikatundika kalenda ukutani na kila siku nikaikata kwa penseli. Na kila asubuhi, kabla hata ya salamu, nilimgeukia nikamuuliza, "Bado ipo?"

Ndugu zangu, naona akina mama wananitazama. Mnanitazama kwa haki.

Mimba ile ilitoka. Ya pili nayo ikatoka. Daktari alitueleza kwa upole kwamba maswali yangu hayakuwa sababu, mwili una mambo yake. Lakini Minza alikuwa akiamka kila siku akiwa na mtu pembeni yake anayemdai jibu. Hilo daktari hakuliandikia dawa.

Kisha mama yangu akaja kutoka Lalago. Mama yangu nampenda, na yupo hai, na ataambiwa niliyoyasema hapa kabla sijafika nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, akanywa uji wa Minza mpaka ukaisha, akasema, "Ng'ombe wetu wamezaa kwao. Yeye hajazaa kwetu."

Minza alichukua bakuli akaenda kuliosha. Mimi nilinyamaza. Mtu mzima, fundi wa kupatana bei, mwenye majibu ya kila mteja, siku ile sikuwa na neno hata moja. Mpaka leo ndiyo dhambi yangu ninayoikumbuka sana.

Sasa ndege waliingiaje. Kule Kasoli kulikuwa na fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, mgeni wa huku, anahama. Alikuwa anauza vitu vyake, nami nikaenda kununua redio kaseti. Nilipoishusha bei mpaka fundi akawa anatokwa jasho, aliingia ndani akatoka na tundu la waya. Ndani mlikuwa na kasuku wawili wadogo, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu, kila mmoja hazidi kiganja.

"Redio inakwenda na hawa," akasema.

"Mimi sili ndege."

"Na wao hawakuli wewe. Chukua wote au niachie redio yangu."

Akanionyesha kwamba jike ni yule mwenye pua ya kahawia, na dume ana pua ya buluu. Akaniambia wanakula uwele, na kwamba wakitaka kutaga niwatengenezee sanduku la mbao. Kisha akaongeza, "Wakishataga usiwachungulie-chungulie."

Nilidhani ni mbinu ya kupandisha bei. Nikamjibu, "Basi nipunguzie kidogo, kwa sababu ya masharti." Akanipunguzia. Nilitoka pale nikijiona mjanja.

Minza alipowaona alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ile, ndugu zangu! Jike hakumpa jina, akasema atajitaja mwenyewe. Dume akamwita Karani, "kwa sababu anaongea kutwa nzima na kazi inafanywa na mwenzake." Aliwapekechea uwele kwa mikono yake. Aliwasagia maganda ya mayai ya kuku wapate chokaa. Akawa anaimba jikoni.

Nami nikaunda sanduku. Nilipata mbao za kreti moja iliyoleta sabuni, nikaifumua, nikainyoosha misumari yake yote na kuitumia tena. Nikatoboa tundu la kuingilia mbele, nikalielekeza mlangoni mwa tundu lao la waya, nikaweka kijiti cha kutulia, na juu nikafunga kifuniko kwa bawaba za ngozi ya kiatu. Kifuniko kile kilifunguka kwa kidole kimoja. Mnaona shetani alipokaa?

Jike akataga. Yai la kwanza nililiona, nikafurahi. Baada ya siku moja la pili. Nikaanza kufungua asubuhi kabla ya kwenda sokoni, na mchana nikarudi, na jioni tena. Mayai yakafika matano. Nikihesabu yanakuwa matano, nikirudia yanakuwa matano, lakini moyo hauamini mpaka niguse. Mayai yenyewe yalikuwa yanabingirika, kwa maana sakafu niliiacha bapa kama ya sanduku la nguo. Jike akawa anarukia ukutani kila bawaba ikilia. Siku ya tisa akatoka, hakurudi ndani. Mayai yakapoa.

Nikasema ni ndege mjinga. Wakataga tena, manne. Nikafungua tena. Safari hii jike aliyatoboa mwenyewe, moja baada ya jingine.

Nilikuwa nimesimama na kifuniko mkononi Minza alipokuja nyuma yangu. Alitazama ndani. Akasema taratibu, "Ng'wana Luhende, huyu ndege kutaga anajua. Hajapewa nafasi ya kulalia."

Aliniita kwa jina la baba yangu, kwa heshima, kama anavyoniita siku zote. Kesho yake akafunga kanga zake mbili na kwenda kwa kaka yake Malampaka. Hakugombana. Angegombana ningepatana naye.

Nikakaa siku kadhaa. Nyumba ina viberiti vyote, sukari yote, hakuna aliyegusa kitu. Hesabu ilikuwa kamili, na mimi nilikuwa nimefilisika!

Nikaenda Malampaka na doti ya kitenge na maneno yangu tayari. Shemeji akanikaribisha uani, Minza akaja akakaa mkekani. Nikaanza: nitamnunulia cherehani, nitazungumza na mama, nitafanya hili na lile. Alinisikiliza kama ninavyowasikiliza mimi wateja wanaotaja bei ya kwanza.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemaliza."

"Nenda katengeneze sanduku jingine. Chini chonga shimo kama bakuli, mayai yasikimbie. Litundike, uwape uwele na maji. Usilifungue mpaka nije."

"Utakuja lini?"

"Nitakapokuja."

"Minza, nitajie hata mwezi."

Shemeji akaangua kicheko. "Hapo umekwama, mzee wa mitumba! Hiyo haina punguzo."

Nikamuuliza Minza, "Na nikilifungua utajuaje?"

"Sitajua," akasema. "Utajua wewe."

Ndugu zangu, mimi nimekaa kanisani miaka mingi. Nimeimba kwamba Bwana yuaja, na tarehe hakututajia, na haikunisumbua hata siku moja kwa sababu sikuwa nangoja kweli. Siku ile, njiani kurudi Bariadi, ndipo nilipojua kungoja ni kitu gani.

Nikachonga sanduku. Bakuli la chini nililichimba kwa patasi kwenye kipande kinene cha mninga, nikalisugua kwa msasa mpaka likawa laini kama kiganja cha mtoto. Sikupigilia misumari kwenye kifuniko. Nilitaka sana! Lakini niliona kwamba nikipigilia, anayengoja ni msumari, si mimi.

Jike aliingia, siku chache baadaye akawa haonekani tena isipokuwa kichwa, na Karani akawa anamlisha kupitia tundu. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Je, yapo? Ni mangapi? Yamepoa? Nilipita chini ya sanduku lile mikono nimeifunga nyuma kama mtu aliyekamatwa.

Hata kusali kwangu kulikuwa biashara. Zamani nilisema, "Bwana, nipe mtoto nami nitatoa ndama." Nikiona kimya, naongeza ndama. Adhuhuri moja, karibu mwezi umeisha, kulikuwa kimya kabisa. Hata Karani alinyamaza. Nikajua wamekufa. Nikaweka kidole kwenye kifuniko. Nikakiinua unene wa karatasi, ndugu zangu, siwafichi, unene wa karatasi!

Na pale pale nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Bado ipo?"

Nilikirudisha. Nikakaa chini kwenye vumbi la uwele. Nililia kwa ajili ya mimba zile mbili tulizozipoteza, ambazo sikuwahi kuzililia kwa sababu nilikuwa natafuta kosa la hesabu. Nikasema, "Bwana, sina cha kuongeza. Yaliyomo ndani ni yako. Na Minza ni wako. Nimeachia." Hakuna mwanga uliotokea. Nilijifuta, nikachukua ndoo nikachote maji. Nikiwa mlangoni, ndoo mkononi, nikasikia ndani ya sanduku kitu kama kiatu kipya kinavyolia mtu akikanyaga kwa hofu. Kidogo sana. Kisha kingine.

Nikaenda kuchota maji! Haleluya! Nilikwenda, nikachota, nikarudi, sikulifungua!

Minza alikuja siku ya arobaini na moja. Ndiyo, nilizihesabu, mara mbili, Bwana bado ananifanyia kazi. Alishuka kwenye lori la pamba na kanga zake zile zile mbili. Hakuniuliza kitu. Alinitazama usoni, kisha akaenda moja kwa moja kwenye sanduku, akainua kifuniko polepole, akimnong'oneza jike maneno ya Kisukuma. Nikaona mabega yake yanatikisika, sikujua analia au anacheka.

"Njoo uhesabu," akaniita.

"Hesabu wewe," nikasema. "Mimi nakuangalia wewe."

Akakifunga kifuniko. Mpaka vifaranga walipochungulia wenyewe tunduni sikuwa najua idadi yao. Walipotoka niliwahesabu. Mara moja tu.

Mwezi uliofuata tulikwenda Lalago. Mama akaanza habari ya ng'ombe. Nikamwambia, "Mama, ng'ombe wale nilitoa ili nimpate Minza. Nimempata. Waache wazae huko waliko." Mama akamwambia Minza asogee karibu wapepete mchele pamoja.

Sasa najua mnangoja nini, maana watu hupenda ushuhuda uishie na mtoto kuletwa mbele. Hatujapata mtoto. Huenda Bwana atatupa, huenda hatatupa, na nisingetaka mtu atoke hapa akidhani nimepewa tarehe. Nilichopewa ni hiki: kalenda ile niliitoa ukutani, na asubuhi nikiamka namuuliza mke wangu, "Umelalaje, Minza?" Akinijibu, nasikiliza mpaka mwisho.

Wewe uliyekaa hapo na kitu unachokifungua kila saa kuona kama Mungu ameanza kazi, iwe ni mtoto, iwe ni ugonjwa, iwe ni mume aliyeondoka, nakusihi, rudisha kifuniko. Kazi ya ndani si yetu. Mwachie. Asante Bwana, uliyenivumilia mimi dalali wako!

Nyumbani kwetu karibuni siku yoyote, Minza atawapa uji na Karani atawapigia kelele. Sanduku liko ukutani upande wa dirisha, na jike ameingia tena wiki hii. Ni mangapi? Sijui, ndugu zangu. Sijui, na nimelala usingizi.