Upande wa Jua

Katika basi la kutoka Dadaab kwenda Garissa, abiria wote walijibana upande wa kivuli. Barwaqo, mpishi aliyechoka, alikaa peke yake juani, amepakata kizimba cha mjusi wa ng'ambo mwenye ndevu za miiba. Aliachiwa na daktari mzungu aliyerudi kwao.

"Katika dini kumuua mjusi kuna thawabu, walaal, ndugu yangu," alisema Shueb, mzee muuza ngamia, kutoka kivulini.

"Huyu ni amana, ami yangu, adeer."

"Mwenyewe atarudi?"

"Hatarudi."

"Sasa unamtunzia nani?"

Wiki nzima Barwaqo alikuwa akimnywesha maziwa ya ngamia, maana mgeni hapewi maji matupu. Mjusi akaharisha mpaka akalegea. Jana ndipo aliposomewa karatasi ya maelekezo aliyoiacha daktari: panzi, majani na jua; maziwa, hapana.

"Nimemuumiza kwa ukarimu wangu," alisema. "Mungu ataniuliza mimi."

Wauza ngamia hawakubali jambo upesi.

Basi likakata kona kuingia mjini, jua likahamia upande wa pili. Barwaqo akainuka na kizimba chake kulifuata jua. Mzee akamtazama.

"Thawabu iko palepale," akasema, akaondoka dirishani kumpisha.

Basi likasimama; walikuwa wamefika.