Kaka Sostenes, Aliyehesabu Dubu Weupe

Mchungaji, shemeji yangu Flavia, ndugu na marafiki mliofika hapa Guangzhou kumuaga kaka yetu kabla hatujamsafirisha kwenda Mwika, mimi Rodrick, mdogo wake, ninasoma kwa niaba ya familia.

Sostenes Heriel Mtenga alizaliwa Mwika, Kilimanjaro, tarehe 14 Machi 1986, akasoma hukohuko hadi sekondari, akahitimu shahada ya sayansi ya bahari Dar es Salaam mwaka 2011, na mwaka 2015 akaja hapa China kusomea uzamivu, kisha akaajiriwa kwenye utafiti wa Aktiki, bahari ya barafu ya ncha ya kaskazini, kila kiangazi akipanda meli kwenda kuhesabu dubu weupe, ambao huwinda sili, wanyama wa baharini, juu ya barafu, na barafu ikiyeyuka mapema hushinda njaa.

Alifunga ndoa na Flavia tarehe 7 Desemba 2013, wakajaliwa watoto wawili, Melania na Didas.

Tarehe 19 Agosti 2023, yeye na wenzake wawili wakiwa wameshuka kwenye barafu, dubu jike mwenye mtoto aliwafuata, mbavu zimemtoka, akafika hatua thelathini kutoka walipo, bunduki anayo Sostenes, mwenzake akapiga kelele, "Piga!", naye akajibu, "Bado," akafyatua fataki ya kumtisha, dubu hakugeuka, akafyatua ya pili, dubu akasita, nao watatu wakarudi kinyumenyume hadi kwenye ngazi ya meli. Alituambia, "Ningemuua mama, yule mtoto asingemaliza wiki."

Mei 2025 madaktari walikuta valvu ya moyo wake imeharibika, wakataka apasuliwe haraka, lakini meli ilikuwa iondoke tarehe 8 Julai, naye akasema atapasuliwa akirudi. Flavia alilia, "Hao dubu wana wengine wa kuwahesabu, sisi tuna wewe tu," kaka hakusikia, ndipo mimi nikaingia kwao, mtaa wa Sanyuanli, nikachukua pasipoti yake, nikaificha dukani kwangu, barabara ya Guangyuan Xilu, katikati ya marobota ya jinzi.

"Rodrick, nirudishie," alisema, "nisipokwenda, hesabu ya miaka sita inakatika."

Sikumrudishia. Meli iliondoka bila yeye, na siku tano baadaye akakubali kupasuliwa.

Asubuhi ya upasuaji, tarehe 15 Julai, alinishika mkono akasema, "Ungekuwa wewe unaumwa, na mimi ningeificha pasipoti yako." Upasuaji ulikwenda vizuri, tukaanza kushusha pumzi, lakini damu iliganda kwenye mapafu, akafariki tarehe 18 Julai, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Sanyuanli waliokaa na watoto, na wenzake waliokwenda na meli, ambao leo wako barafuni wakiendeleza ile hesabu.

Kaka, mimi na wewe hatudaiani neno, pumzika kwa amani.