Familia Bora na Mtoto wa Nyuma ya Jiko

Mheshimiwa Meya, Baba Padri, wakuu wa makumbusho, na ninyi ndugu zangu wa kijiji chetu cha Unterwiesing mliofuata bia ya bure: habari za mchana.

Nimeombwa mimi, Walburga Stöhr, nifunue picha hii kwa sababu nimo ndani yake. Ndimi yule binti mwenye mwanasesere na nywele za rangi ya siagi. Nywele zangu zilikuwa za kahawia, lakini mwaka ule wa 1938 Wanazi walitaka familia ya damu safi kwa maonyesho yao ya Munich, na mchoraji wao hakupungukiwa na rangi ya njano.

Wazee wenzangu mnamkumbuka baba yangu: tumbo lilitangulia, yeye akafuata. Humu amevalishwa kifua cha mwalimu wa kuogelea wa kijiji cha pili. Mama alipokiona akauliza, "Na huyu aliyekaa mezani kwangu ni nani?"

"Ni mume wa taifa, mama," mchoraji akamjibu.

"Basi taifa limpikie."

Mama huyohuyo amechorwa akinyonyesha mtoto wa kuazima, macho chini, mpole kabisa. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kumwona Kreszenz Stöhr akiangalia chini?

Yule mvulana imara mwenye reki naye ni wa kuazima, wa tarishi. Wa kwetu alikuwa Alois, kaka yangu, aliyechechemea na kuanguka kifafa. Mchoraji alimwamuru akae nyuma ya jiko asiharibu picha. Alois akakaa, akaimba vibaya makusudi mchana kutwa. Miaka miwili baadaye Wanazi walikuja na basi la kijivu kumpeleka eti kwenye matibabu, wakaturudishia majivu yake. Waliomtoa pichani na waliomtoa duniani walikuwa na wazo lilelile, na mpaka leo linaniuma.

Asubuhi Meya ameninong'oneza, "Bibi Walburga, kibao cha chini ya picha kiseme tu Familia ya Mkulima. Jina la Alois litawaharibia watu sherehe." Mheshimiwa, watu hawa nawajua tangu wakiwa kwenye nepi. Kinachowaharibia sherehe ni bia kuchelewa.

Kwa hiyo kamba ya kitambaa kilichofunika picha ninayo, na siivuti mpaka jina la kaka yangu liandikwe pale chini kwenye kibao. Kalamu hii hapa. Mgongo wangu hauinami tena, kwa hiyo tafadhali, Mheshimiwa, uiname wewe.

Ninyi wengine, asanteni kwa kunisikiliza. Pipa litafunguliwa Meya akimaliza kuandika.