Evaristo Goulart Silveira na Mlima wa Ferradura

Tunayemzika leo, Evaristo Goulart Silveira, alizaliwa tarehe 9 Februari 1957 Santo Amaro, kisiwani Pico, wa tatu kati ya watoto watano wa fundi mashua Germano na mkewe Leopoldina. Alisoma madarasa manne tu. Mwalimu alimchapa rula mpaka vidole vikavimba kwa kosa la kuandika kwa mkono wa kushoto, naye akaendelea kuutumia huohuo maisha yake yote.

Akiwa na miaka kumi na minne aliingia baharini. Mwaka 1984 alipata mashua yake, Boa Hora, akavua gorazi, samaki wekundu wa kilindini, kwenye Ferradura, mlima uliozama ambao kilele chake kiko mita mia tatu chini ya maji. Aliuvua bila huruma, na hakuwahi kulificha hilo. Siku moja ya mwaka 1999 alishusha ndoano elfu mbili, zikarudi na samaki kumi na wanane, wote wachanga. Serikali ya visiwa vyetu ilipoweka kikomo cha mavuno na kuifunga Ferradura mwaka 2003, aliuza mashua akaomba kazi ya ukaguzi wa uvuvi. Wenzake walimwita msaliti. Walimchania matairi, na mlangoni wakampigilia misumari kichwa cha papa kilichochuruzika damu.

Alimwoa Filomena Ávila tarehe 12 Juni 1982. Alifika kanisani akitokea baharini, magamba yamemganda nywelani. Filomena aliyabandua mbele ya padri, akamuuliza, "Umekuja kuoa au kuuzwa?" Padri alicheka mpaka akapoteza ukurasa.

Tarehe 17 Oktoba 2009, saa sita mchana, Evaristo na mkaguzi mwenzake Adalberto Medina, kijana wa miaka thelathini na minne, waliikuta mashua Estrela da Calheta imetega juu ya Ferradura. Usukani ulikuwa umeshikwa na Duarte Ávila, mdogo wake Filomena.

"Duarte, kata mishipi turudi bandarini."

"Geuza, shemeji. Leo hujaniona."

"Nimekuona."

"Basi nione vizuri!"

Duarte aliielekeza mashua yake ubavuni mwa mashua ya doria, akaongeza moto. Mbao zilipasuka. Adalberto alibanwa kifuani katikati ya mashua hizo mbili, akafa pale pale. Evaristo alidaka ukingo wa Estrela. Duarte akamshindilia kulabu mgongoni, mara mbili, ikatoka na nyama. Mabaharia wa Duarte mwenyewe ndio waliomkamata na kumfunga kamba, kisha wakamvuta Evaristo ndani.

Mahakamani aliulizwa nani alikuwa usukanini, akajibu, "Shemeji yangu." Duarte alifungwa miaka tisa. Mama mkwe alimtemea Evaristo mate usoni, nje, watu wakitazama. Filomena alihama nyumba miezi kumi na minne. Aliporudi na sanduku lake alisema, "Sijakusamehe. Nimesikia unakula mkate mkavu."

Kulabu ile ilimharibia figo moja, ikaondolewa. Ya pili ilianza kushindwa mwaka 2017. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akilalamikia zaidi uji wa hospitali kuliko sindano. Duarte, akiwa ameachiwa kabla ya kumaliza kifungo, alimfuata wodini Agosti mwaka jana.

"Nimekuja kukuomba radhi, shemeji."

"Kwa mama yake Adalberto umefika?"

"Bado."

"Anza huko. Mimi nipo."

Duarte alikwenda. Mama yule alimsikiliza kizingitini mpaka mwisho, akafunga mlango. Duarte hakupata ujasiri wa kurudi wodini kusimulia. Evaristo alimuulizia kila Jumapili, hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 3 Machi 2019, mkono wake wa kushoto ukiwa mikononi mwa Filomena.

Ameacha mjane, Filomena, binti zake Graça na Natividade, wajukuu wanne, dada yake Idalina, na shemeji yake Duarte. Jina hilo la mwisho halikuwamo katika karatasi hii. Filomena ameliandika mwenyewe kwa kalamu, na ameagiza Duarte ashike jeneza upande wa mbele, pamoja na kaka wa marehemu Adalberto, ambaye amekubali.

Mungu ampumzishe Evaristo, na awape nguvu wanaombeba.